Shahidi wa Dakika ya Themanini na Tisa

Uongo wa Naftali Makokha ulianza na paja la kuku, na kwa kulitendea haki paja lenyewe, lilikuwa kubwa.

Ilikuwa Ijumaa mchana, mwezi wa kumi na moja mwaka 2016, chumbani kwa Vincent, mlinzi wa ghala moja la mabati kusini mwa Riyadh. Wanaume kumi na mmoja kutoka Kenya walikuwa wamekaa chini kuzunguka sinia la wali na kuku. Siku kumi zilizopita, Nyuki FC ya Webuye ilikuwa imetwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na moja, na wanaume hawa, ambao wengine walizaliwa na kuota ndevu wakiingoja siku hiyo, hawakuwa wameona hata pasi moja. Mechi haikuonyeshwa kwenye televisheni. Walichokuwa nacho ni matokeo, Nyuki mbili, Simiti moja, bao la Kizito dakika ya themanini na tisa, pamoja na video ya sekunde kumi na tisa iliyochukuliwa na mtu aliyekuwa akiruka. Ndani yake kulikuwa na mawingu, kiatu kimoja, na shingo ya mtu asiyejulikana. Walikuwa wameitazama mara mia mbili na kubishana sana kuhusu ile shingo.

Naftali alikuwa dereva wa familia moja ya Al-Malqa, upande wa matajiri, na alikuwa amerudi kutoka likizo Jumanne. Alikuwa na uso wa mtu wa kukusanya sadaka na ulimi ambao aliwahi kumshawishi nao askari wa barabarani, kwa Kiarabu cha maneno arobaini, kwamba taa nyekundu ilikuwa bado inafikiria.

"Nafta," Vincent akasema, "si wewe ulikuwa nyumbani siku ya ubingwa?"

"Nilikuwa."

"Uliingia uwanjani?"

Vincent, kama mwenyeji, ndiye aliyekuwa ameshika paja la mwisho. Mkono wake ulikuwa tayari umeshaelekea upande wa Zacharia, fundi wa mabomba. Naftali alilitazama paja. Ni vizuri ijulikane kwamba alikuwa na nafasi ya kusema kweli, na alikuwa na muda wa kutosha, karibu sekunde mbili nzima.

"Nyuma ya benchi la akiba," akasema. "Nilikuwa namsikia kocha akimeza mate."

Paja likabadili safari.

Ukweli ni kwamba siku ile Naftali alikuwa juu ya banda la kuku la mama mkwe wake, Kimilili, akipigilia bati. Alikuwa na redio. Dakika ya thelathini na moja betri zilikufa, na mama mkwe, alipoombwa nyingine, akajibu kwamba nyundo haitumii betri. Matokeo aliyasikia jioni kutoka kwa mtu wa boda boda. Kwa hiyo kuhusu mechi ile Naftali alikuwa anajua dakika thelathini na moja za maneno ya mtangazaji. Zilizobaki alizitunga pale pale huku akitafuna, na alizitunga vizuri. Mvua ilinyesha. Mwamuzi aliteleza. Kizito alivua kiatu kilichopasuka akapewa cha mpishi wa timu. Alipofika dakika ya themanini na tisa, Vincent alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili, na mwenzake mmoja alikuwa amegeukia ukuta kwa sababu alishindwa kuvumilia kungoja bao ambalo alishalijua.

Wiki iliyofuata aliitwa kwenye kambi ya madereva wa malori. Iliyofuata, kwa walinzi wa maduka. Kote alilishwa, na kote aliondoka na kitu: manukato, blanketi, salio la simu, koti la ngozi ambalo halikumtosha lakini hakulikataa. Punde akaipanga kazi kama mtu wa biashara. Aliyekuja mikono mitupu alisimuliwa mabao. Aliyekuja na zawadi ndogo aliongezewa maneno ya kocha wakati wa mapumziko. Na aliyeleta zawadi ya maana, huyo Naftali alimwingiza mwenyewe uwanjani.

Wa kwanza kuingizwa alikuwa Zacharia.

"Nahodha alikuja kurusha mpira pale karibu yangu," Naftali akamwambia. "Nikamwita. Nikamwambia, kuna ndugu yetu Riyadh, anaitwa Zacharia, wa Bokoli, fundi wa mabomba. Hajakosa kuuliza matokeo hata Jumapili moja."

"Akasemaje?"

"Aliuliza, anafanya kazi juani? Nikamwambia, juani. Akapangusa uso. Akasema, mwambie pasi inayofuata ni yake."

"Ikawa ipi?"

"Ile ile iliyozaa bao."

Zacharia alitoka nje, akakaa huko kidogo, akarudi na macho mekundu. Akavua saa yake ya mkononi, nzito, ya rangi ya fedha, akamfunga Naftali mkononi kwa vidole vyake mwenyewe. Naftali alihisi kitu kama aibu kikimtambaa kifuani. Akakingoja kipite, kikapita.

Kufikia Krismasi, pasi ya nahodha ilikuwa imeshagawiwa watu wanne.

Mwezi wa kwanza ukaja ujumbe wa sauti kutoka Jeddah. Aliyezungumza alijitambulisha kuwa Beldina, mwenyekiti wa mashabiki wa Nyuki wa huko, wengi wao akina dada wa kazi za nyumbani, mtaa wa Al-Safa na jirani zake.

"Kaka Naftali," sauti ilisema, tamu kama chai ya harusi, "habari zako zimetufikia. Sisi huku hatuna mtu aliyeona kwa macho. Ukibahatika kuja Jeddah, tuhurumie na sisi. Na usije ukadhani tutakuita bure. Tumekuandalia sanduku. Si dogo."

Naftali aliusikiliza ujumbe mara sita, na mara tano kati ya hizo alirudia mwisho tu. Sanduku. Alianza kuwaza ndani yake mna nini. Wanawake wa Jeddah wana mkono mzuri wa kununua: mablanketi mazito, seti za sufuria, udi, labda mashine ya kusaga juisi. Na Mungu, au anayepanga mambo ya wajanja, akalainisha njia. Likizo ya shule ilikuwa karibu na bosi alitaka familia ipumzike Jeddah. Wao watapanda ndege. Naftali atapeleka gari na mizigo.

Safari ya heshima haiendwi mikono mitupu. Asubuhi ya kuondoka aliingia jikoni mwa Al-Malqa, akachukua mfuko mwekundu wa wavu uliokuwa na vitunguu, akamimina vitunguu kwenye beseni, akaukata mfuko vipande vidogo na kuvifunga kwenye karatasi ya zawadi. Alipomaliza, alikuwa na kumbukumbu kumi na tano za goli la ubingwa.

Ijumaa iliyofuata, baada ya saa tisa, alifika ufukweni Jeddah akiwa amenyoa ndevu na kujipulizia manukato ya walinzi wa maduka. Wanawake kumi na wanne walikuwa wamekaa kwenye mikeka karibu na bahari, vikapu na majiko ya gesi kando, na madereva wawili waliowaleta wakinywa kahawa kwa mbali kidogo. Katikati ya mikeka lilisimama sanduku la buluu lenye magurudumu, limejaa hadi zipu imekunja uso. Naftali alilisalimia kwa macho kabla ya kuwasalimia wenyewe.

Beldina alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Alimkalisha kwenye mto. Upande wake wa kulia alikaa mama mmoja mwembamba mwenye miwani, umri wa miaka arobaini na kitu, aliyeitwa Magdaline. Huyo hakucheka. Alikuwa akimtazama Naftali kama anayejaribu kukumbuka bei ya kitu.

Naftali akagawa vile vipande kwanza. "Wavu wa goli lenyewe," akasema. "Nilikata kwa kisu kidogo watu walipovamia uwanja."

Magdaline alikipeleka chake puani. "Unanuka vitunguu."

"Kipa wa Simiti alilia juu yake dakika kumi, mama."

"Aha," akasema Magdaline, akakiweka mkobani kwa adabu zote.

Basi akaanza. Hajawahi kusimulia vizuri kama siku ile. Bahari ilikuwa nyuma yake, sanduku mbele yake, na ulimi ulikuwa mwepesi. Akina dada waliguna mahali pa kuguna na kushikana mikono mahali pa kushikana. Beldina aliinua simu akawa anarekodi. Mechi ilikuwa imefika bao moja kwa moja, mvua inapiga, Magdaline aliponyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Samahani, kijana. Ulisema ulikuwa nyuma ya benchi?"

"Nyuma kabisa, mama."

"Umevaa shati la kijani?"

Naftali alifikiri haraka. Katika kazi yake, anayekubali huishi zaidi kuliko anayekana. "La kijani."

"Na mvua ilipozidi, mama mmoja akakufunika kwa nailoni."

"Alinifunika. Mungu ambariki popote alipo."

"Yuko hapa," akasema Magdaline, akavua miwani. "Ni mimi. Nilikuwa likizo mwezi ule. Hunikumbuki?"

Naftali aliona mbele yake mlango ambao hajawahi hata kuota kuubisha: shahidi. Mtu mzima, mwenye miwani, anayeapa kwamba alimwona mahali ambapo hakuwepo. Labda mama huyu alimfananisha na mtu mwingine. Labda naye alikuwa na lake. Hata hivyo hakuna mjanja anayerudisha bahati kwa kuwa hajui ilikotoka.

"Mama wa nailoni," akasema, akafungua mikono. "Mimi nimekutafuta mpaka Facebook."

Wakakumbatiana. Akina dada wakapiga makofi. Na Magdaline, akiwa bado amemshika mkono, akaugeuza mkono ule juani.

"Asante kwa kunitunzia saa yangu."

"Saa?"

"Si nilikupa uiweke mfukoni isilowe? Kisha watu wakavamia uwanja, tukapoteana. Nilijua tu. Nikasema moyoni, yule kijana ana sura ya kanisa, hawezi kula saa ya mtu."

Naftali akamtazama Beldina, na simu ya Beldina ikamtazama yeye. Angesema saa ni yake, basi mama ni mwongo, na kama mama ni mwongo hakuna nailoni, na kama hakuna nailoni, nani alikuwa nyuma ya benchi? Aliifungua saa taratibu.

"Nimekuwa nikiivaa," akasema, "ili isisimame."

"Mungu akuzidishie." Magdaline aliivaa, akairekebisha kidogo. "Na ile nadhiri?"

"Nadhiri gani, mama?"

"Jamani, vijana husahau. Dakika ya themanini na tano alipiga magoti kwenye tope," akawaambia wenzake. "Akainua mikono. Akasema, Mungu ukiwapa Nyuki bao moja tu, siku nitakayofika Jeddah nitawapikia akina dada wa huko kwa mikono yangu, niwahudumie, nioshe vyombo, na hakuna hata mmoja atakayeinua kijiko kisichokuwa cha kula."

"Na baada ya dakika nne bao likaingia," akasema Beldina kwa upole. "Mungu upande wake alishalipa."

"Nilitaja Jeddah?" Naftali aliuliza.

"Kwa jina."

Alitazama kulia, wakawa wale madereva wawili wamesogea kusikiliza. Alitazama kushoto, bahari. "Mama ana kumbukumbu nzuri," akasema kwa sauti iliyokonda.

Wakampa aproni.

Naftali hakuwa amewahi kusonga ugali wa zaidi ya mtu mmoja, na yule mmoja mara nyingi alilalamika. Sasa alikuwa na sufuria ya watu kumi na saba, samaki wa kukaanga, na kabeji vichwa vinne. Wale akina dada, ambao siku sita za wiki husimama ndio wengine wakae, walinyoosha miguu kwenye mikeka na kugundua kwamba kuamrisha si kazi ngumu.

"Naftali, yalla, haraka, maji ya kunawa."

"Naftali, huyu samaki amelala upande mmoja."

"Naftali," akasema Celestine, msichana mrefu aliyekuwa amemaliza mkataba wake, akipitisha kidole ukingoni mwa sahani na kukitazama kwa huzuni, "hapa mafi nadhifu. Rudia."

Ni Kiarabu cha mabibi zao, kwamba si safi, na wakacheka hadi mmoja akalala chali. Beldina alipowekewa sahani mikononi, hakula mara moja. Aliiangalia kidogo. Alisema ni miaka mitatu hajaletewa chakula akiwa amekaa. Kisha akakumbuka nafasi yake ya uenyekiti na kumwambia Naftali kwamba ugali una madonge.

Walipokwisha kula, Beldina aliliburuta lile sanduku hadi mbele yake. Moyo wa Naftali ulinyanyuka. Alipangusa mikono kwenye aproni na kutengeneza uso wa mtu anayeshangaa.

"Kaka, tulikuahidi," Beldina akasema. "Ila mama Magdaline anasema kuna neno la mwisho ulilosema pale kwenye tope."

"Silisemi mimi," akasema Magdaline. "Aliseme mwenyewe. Lilikuwa zuri sana kinywani mwake."

Kumi na wanne walimtazama. Upepo wa bahari ulipita. Naftali aliliangalia sanduku, zipu yake, magurudumu yake manne yanayozunguka kila upande, na akaelewa lile neno lilikuwa lipi, kwa sababu angekuwa yeye ndiye Magdaline, angechagua hilo hilo.

"Nilisema," akaanza, "kwamba Nyuki wakishinda, zawadi yoyote ya Jeddah sitaichukua. Nitampa anayerudi nyumbani."

"Halas, yamekwisha," akasema Beldina. "Amelitaja."

Sanduku likaenda kwa Celestine, aliyekuwa akisafiri wiki mbili baadaye. Alimshukuru Naftali kwa mikono miwili na kumwita mtu wa Mungu, naye Naftali akaitikia, maana ameshafika mbali mno.

Alikuwa amechuchumaa kwenye bomba la ufukweni, akisugua ukoko wa sufuria kubwa, Beldina alipokuja kusimama karibu yake.

"Zacharia ni binamu yangu," akasema. "Alinipigia akilia kwa furaha, nahodha kampa pasi. Nikafurahi naye. Wiki iliyofuata shemeji yangu wa kambi ya malori akanipigia, naye kapewa pasi. Ile ile. Nikajiuliza, huu mpira wa watu wawili ulichezwa na mguu upi?"

Naftali alisugua.

"Saa nitamrudishia. Nitamwambia umeona ni zawadi kubwa mno kwako. Tusimvunje moyo."

"Na mama Magdaline?" Naftali aliuliza bila kuinua kichwa. "Kweli alikuwa uwanjani?"

"Magdaline hajaenda likizo tangu mwaka 2012. Siku ya mechi alikuwa Al-Safa anapiga pasi kanzu. Mpira wenyewe haujui. Tumemfundisha wiki nzima, na bado anadhani benchi la akiba ni benki."

Naftali aliacha kusugua. Katika maisha yake alikuwa amekutana na matapeli wengi, na kila mmoja alikuwa amempata na kasoro. Aligeuka, akamtazama yule mama mwembamba kwenye mkeka, akisafisha miwani yake kwa pembe ya mtandio, na akahisi anachohisi mchezaji wa mtaani akimwona wa taifa akipasha misuli.

Rekodi ya Beldina, ikiwa imekatwa sehemu ya saa, ilifika Riyadh kabla ya Naftali. Ilipofika, jina lake halikuharibika. Lilipata jirani. Kila mtu alitaka kumsikia mama wa nailoni, kwa sababu Naftali walishamsikia. Zawadi zikaanza kuelekea Jeddah, na kwa kuwa bosi wa Al-Malqa alikuwa na shughuli huko kila mwezi, dereva wa kuzipeleka akawa anajulikana. Naftali alipakia mablanketi na manukato ya watu kwenye buti, akayafikisha salama, akatiliwa saini ya kupokea.

Ijumaa moja mwezi wa tatu, wanaume walikaa chumbani kwa Vincent, simu katikati ya sinia tupu, kipaza sauti kimefunguliwa. Magdaline alikuwa akisimulia kutoka Jeddah. Alikuwa ameupata mpira sasa, na alikuwa ameongeza mambo: mbwa aliyeingia uwanjani, mchungaji aliyetupa kofia, kocha aliyemwomba yeye Magdaline maji ya kunywa. Alimtaja kila aliyekuwa chumbani kwa jina, na wote, alisema, walikuwa wametumiwa salamu. Naftali alikuwa amekaa kwenye kona. Alikuwa amekusudia kusikiliza kwa masikio ya fundi anayekagua kazi ya mwenzake, lakini kufikia dakika ya themanini alikuwa amesogea karibu na sinia kama wengine, na kufikia dakika ya themanini na nane alikuwa ameshika bega la Vincent.

"Kizito akapata mpira," ilisema simu. "Akampita mmoja. Akampita wa pili. Kipa akatoka."

Mtu akaongeza sauti ya simu.

"Akaupiga. Ukaingia."

Chumba kilisimama chote. Waliruka, wakakumbatiana, mtu akapiga mlango teke kwa furaha, na Naftali alikuwa katikati yao, mikono juu, akilia machozi ya kweli kwa bao ambalo hatimaye alikuwa ameliona. Vincent ndiye aliyetulia kwanza. Aliinamia simu huku akihema.

"Mama, tuambie. Na Nafta wetu, bao lilipoingia, yeye alifanya nini?"

Simu ilikohoa kidogo.

"Huyo kijana," Magdaline akasema kwa masikitiko makubwa, "bao hakuliona. Alikuwa ameenda chooni."

Vichwa kumi viligeuka. Vincent alimtazama Naftali kuanzia miguuni kwenda juu, polepole, kama mtu anayesoma mkataba mara ya pili. Naftali alishusha mikono, akapangusa macho, akatafuta njia ya kutokea na kuona hakuna.

"Foleni ilikuwa ndefu," akasema.